Plagi Sita za Lori la Isansa

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo ambacho urefu wake haupiti kidole cha shahada, nacho ni plagi ya motokaa. Labda mtu atauliza: Je, plagi nayo ina historia? Historia si habari za wafalme, na vita, na mikataba? Sisi pia tulidhani hivyo kwa miaka mingi, hata siku moja, katika msimu wa kahawa, lori moja kuukuu likatufundisha vingine.

Jambo lenyewe lilitukia Isansa, katika wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika mkoa wa Songwe, na kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya. Wanaoijua nchi hiyo wajua kuwa ni nchi ya juu, yenye baridi kali mwezi wa Juni na Julai, na kahawa yake huchumwa katika baridi iyo hiyo. Tulikuwa walimu watatu wa chuo cha ualimu. Tulikwenda kumsaidia mwenzetu kuifikisha kahawa ya baba yake, na ya majirani zake, hata barabara kuu huko Mlowo. Lori lilikuwa Bedford ya petroli, ya silinda sita, nalo lilituzidi umri sote watatu. Magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa tangu usiku. Gari la kuipokea kahawa lingengoja Mlowo mpaka alasiri tu. Likiondoka, magunia yangerudi ghalani, na wenye magunia walikuwa na watoto waliokwisha kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alfajiri mwenzetu alikanyaga stata. Injini ikakohoa, ikashika, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha ikazima.

Mmoja wetu ni mwalimu wa sayansi. Alisimama mbele ya boneti akatueleza safari nne za pistoni, yaani kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa, kwa ufasaha ambao mkaguzi ye yote angeusifu. Hakukosea hata neno moja. Lakini lori halikusogea hata shibiri.

Ndipo alipokuja mzee mmoja wa kijiji, mwenye koti zito na fimbo, ambaye alikuwa amezisikia zile sauti kutoka nyumbani kwake.

“Shikamoo, mzee,” tulimwamkia.

“Marahaba, walimu. Naona gari lenu lina miguu sita, na mmoja umekufa. Pengine miwili. Mna spana ya plagi?”

Tulikuwa nayo, chini ya kiti, imeshika kutu. Mzee huyo alianza kazi ya utingo mwaka 1966, akiwa kijana mdogo, akawa dereva baadaye, na katika maisha yake hakupata kusoma kitabu cho chote cha ufundi, maana kwa Kiswahili hakikuwako kitabu mkononi mwake. Tutamrudia. Lakini kwanza yafaa tueleze kwa nini katika nchi hii kitu kidogo kama plagi kilipata kubeba mambo makubwa hivyo.

Kabla ya motokaa, mizigo ya nchi zetu ilisafiri juu ya vichwa vya watu. Ng'ombe na farasi hawakufaa katika sehemu nyingi, kwa kuwa mbung'o waliwaua. Mpagazi mmoja huchukua mzigo wa kadiri ya kilo 25. Lori la tani tatu, basi, huchukua mizigo ya wapagazi 120, wala lori halili unga njiani. Hesabu hii ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano aiweza, walakini uzito wake watu waliutambua kwa uchungu katika vita ya 1914 hata 1918. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, yaani Wajerumani, pande hizi za kusini-magharibi. Chakula chao, risasi zao na dawa zao zilifuata nyuma juu ya vichwa. Mpagazi alipotembea siku nyingi, sehemu kubwa ya mzigo ilikwisha kuliwa na wapagazi wenyewe kabla haijawafikia askari. Kwa hiyo ikahitajiwa wapagazi wa kuwachukulia wapagazi chakula. Katika vita ile nzima makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwisho wa vita, katika Oktoba na Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita tena kusini-magharibi na watu wake, akaelekea Fife, ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma ya leo, kisha Kasama, na tarehe 25 Novemba 1918 akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia.

Katika vita iyo hiyo watu wengi wa nchi hizi waliona motokaa mara ya kwanza. Ford ndogo za namna iitwayo Model T, zilizoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908, zilitumiwa na majeshi mahali palipopitika. Injini yake ilikuwa na silinda nne na plagi nne, na kila plagi ilikuwa na koili yake yenyewe, iliyolia kama nyuki ndani ya kisanduku cha mbao.

Na hiyo plagi ilitoka wapi? Mwaka 1860, Étienne Lenoir, mtu aliyekaa Paris, alifanya injini iliyokwenda kwa hewa ya gesi, na gesi hiyo aliiwasha kwa cheche ya umeme. Wazo lilikuwa zuri, lakini cheche haikutegemeka. Wengine baada yake waliacha umeme wakatumia bomba dogo lililotiwa moto mpaka likawa jekundu, na hatari yake twaweza kuifikiri sote, maana moto wazi ulikaa jirani na petroli. Mwaka 1902 ndipo Gottlob Honold, fundi wa kiwanda cha Robert Bosch huko Stuttgart, alipokamilisha chombo cha kutoa umeme wa nguvu kubwa pamoja na plagi ya kuupokea. Tangu hapo umbo la plagi halikubadilika sana: msumari wa kati unaoleta umeme, kauri nyeupe ya kuuzuia umeme usitoroke, ganda la chuma lenye hesi, la kuishikiza katika injini, na kijiti kilichopinda mbele ya msumari. Kati ya msumari na kijiti pana mwanya, na umeme huruka mwanya huo. Ndiyo cheche.

Betri ya lori ina volti 12, na umeme huo hauwezi kuruka hata unene wa karatasi. Koili huukuza ukawa maelfu mengi ya volti. Katika injini ya safari nne kila plagi hutoa cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,000 katika dakika hiyo, na kwa saa moja cheche 60,000. Nazo plagi zote sita pamoja hutoa 360,000. Kauri ile hukaa katika moto, na mgandamizo, na mafuta, na kila cheche hula chembe ya chuma isiyoonekana. Mwanya huongezeka polepole. Mwisho cheche hushindwa kuruka, hasa asubuhi ya baridi, na lori hupoteza mguu mmoja.

Haya, turudi katika njia. Baada ya vita, Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo Rhodesia na kupita Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha hata Nairobi, ikawa barabara ya motokaa, ingawa wakati wa masika jina la barabara lilikuwa heshima tu. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilivuta watu na malori katika miaka ya 1920 na 1930. Reli haikuwako huku hata kidogo. Mtu wa Mbozi aliyetaka chumvi, au bati, au kitabu cha shule, alikipata kwa kuwa mahali fulani dereva na utingo wake waliweza kulisukuma lori mbele. Mwaka 1940 misafara ya malori ya majeshi ya Afrika ya Kusini ilipita barabara hiyo kutoka Broken Hill kwenda Kenya, kupigana na Waitaliani wa Uhabeshi. Katika vita hiyo ya pili vijana wengi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walifunzwa udereva katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika ya Mashariki. Waliporudi, walirudi na jambo ambalo shule zetu za misioni hazikulifundisha: waliijua injini kwa masikio na kwa vidole. Huko Luton, Uingereza, kiwanda cha Bedford kilifanya malori kadiri ya 250,000 kwa ajili ya vita hiyo. Baada ya vita Bedford za raia zikaenea katika Afrika ya Mashariki, na namna iitwayo TJ, iliyotoka mwaka 1958, ndiyo hasa wazee wengi huikumbuka kwa pua yake ya mviringo. Lori letu la Isansa lilikuwa la ukoo huo.

Sasa twafika katika habari ambayo mzee wetu aliishiriki mwenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, bila idhini ya Waingereza na bila wenye nchi walio wengi. Mwezi uliofuata mafuta ya Rhodesia yakazuiwa. Na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya Rhodesia, ikajikuta haina. Migodi ya shaba, hospitali, kila kitu kilihitaji mafuta. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilichukua mapipa angani, lakini ndege haiwezi kulisha nchi nzima. Ndipo malori ya kila namna yalipotolewa, mapya na makuukuu, kuchukua mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam hata Zambia kwa njia ya Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo. Masika yalikuwa matope ya kufika ekseli, kiangazi vumbi la kuziba macho, na katika milima malori yalipinduka. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Yalipita hapa Mbozi mchana na usiku.

“Petroli nyuma, cheche mbele,” alisema mzee wetu, akicheka kidogo. “Na mimi katikati.”

Kazi yake ya utingo ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kuchota maji, na kila jioni kuzifungua plagi na kuzisafisha. Dereva wake hakumruhusu kulala kabla ya kumwonyesha zote sita kiganjani, zimepangwa kwa mfuatano wake. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola. Lami ikafika mpaka wa Tunduma katika miaka ya mwanzo ya 1970. Na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Mambo hayo matatu yameandikwa katika vitabu, na twayafundisha. Ile miaka mitatu ya mapipa hatukupata kuifundisha, na aliyeiona alikuwa akikaa umbali wa kurusha jiwe kutoka kwa mwenzetu.

Tulisema tutamrudia mzee, na sasa ndiyo zamu yake. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuuliza kama injini imepoa. Plagi haifunguliwi katika injini ya moto, maana hesi hushikana, na ukilazimisha hukwaruzika. Kwa kuwa lori halikuwaka ila dakika moja, ilikuwa baridi ya kutosha. Kisha, tofauti na tulivyotazamia, hakugusa plagi hata moja. Alituagiza tuwashe tena, ikatetemeka, naye akavuta kofia za nyaya moja moja, kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nyingi, akisikiliza. Alipovuta ya kwanza injini ilizidi kutetemeka. Maana yake silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Alipovuta ya nne, sauti haikubadilika hata kidogo. “Huyu hapa maiti,” akasema. Ya sita nayo ilikuwa taabani. Mwalimu wa sayansi alitaka kujaribu kwa mkono mtupu, akapata pigo lililomrusha nyuma hatua mbili, na asubuhi ile hatukusikia tena habari za safari nne za pistoni.

Injini ilipozimwa, mzee alifunga uzi katika kila waya: fundo moja kwa silinda ya kwanza, mawili kwa ya pili, mpaka sita. Injini ya Bedford hiyo haiwashi kwa mfuatano wa moja, mbili, tatu; huwasha ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili, na ya nne mwisho. Mtu akichanganya nyaya, cheche itakuja wakati ambao silinda haikuitarajia, na injini itapiga kishindo katika kabureta. Wengi hufikiri wameua injini, kumbe wamebadilisha nyaya mbili tu.

Baadaye alituma mtoto alete pampu ya baiskeli. Tulidhani ni ya magurudumu. Alipuliza nayo vumbi lote lililokaa kuzunguka plagi, kila moja, bila haraka. Katika nchi ya vumbi jekundu jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ukifungua plagi penye vumbi, vumbi huanguka ndani ya silinda, nalo hukwaruza kuta zake kama msasa. Twakiri kuwa sisi tungalilisahau. Halafu alidondosha mafuta ya taa kidogo katika mashina, akangoja muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, ndipo akaanza kufungua, akivuta kofia na kamwe si waya.

Plagi sita zikalala juu ya gunia, na mzee akatuita tusogee. “Nyinyi mwasoma vitabu,” alisema. “Haya, someni.”

Ya kwanza, ya pili na ya tano zilikuwa na rangi ya kahawia, kama buni iliyokaangwa nusu. Hizo ni silinda zenye afya. Ya tatu ilikuwa na masizi makavu, meusi. Maana yake petroli huzidi hewa. Hapa alitueleza jambo ambalo kila dereva wa nyanda za juu alijua: lori lililotengenezwa kabureta yake Dar es Salaam, usawa wa bahari, likipanda huku kwenye hewa nyepesi hupata hewa pungufu kwa petroli ile ile, na plagi zake huwa nyeusi. Ya nne, yule maiti, ilikuwa imelowa oili, na oili hupanda kwa sababu ya ringi za pistoni zilizochoka; plagi mpya itasaidia kwa miezi, lakini haitaponya ringi. Ya sita haikuwa na uchafu hata kidogo, ila kauri yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tuliipitisha mkono kwa mkono kabla ya kuuona. Rangi ambayo mzee aliiogopa kuliko zote hatukuikuta: nyeupe yenye malengelenge, ambayo ni dalili ya moto kupita kiasi, na dereva akiipuuza huweza kutoboa pistoni.

Tulimuuliza kama rangi hizo hazijabadilika tangu ujana wake. Alisema zimebadilika, zamani plagi nzuri ilikuwa na utando wa kijivu, na siku hizi husomeka kwa shida zaidi. Tulipochunguza baadaye tuliona ana haki. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua kuwa dawa yenye madini ya risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga, na tangu 1923 petroli hiyo ikauzwa, ikaenea duniani. Risasi hiyo iliacha utando katika plagi, na mbaya zaidi, iliingia katika damu za watu, hasa watoto. Nchi za Afrika za kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli ya risasi ulipoanza mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha, yaani Algeria, iliiacha mwaka 2021. Mzee wetu hakuwa amesikia habari za Midgley. Aliona tu rangi imegeuka, akaikumbuka miaka ilipogeuka.

Plagi mpya tulikuwa nazo nne, si sita. Mwenzetu alizinunua siku nyingi, na mbili zilionekana mbaya tangu mwanzo: kauri iliyolegea ganda lake, na maandishi yaliyofutika kwa kucha. Za bandia. Duka hatulitaji. Mzee alizitupa kando, akabaki na mbili njema, ambazo zilitiwa silinda ya nne na ya sita. Tatu za rangi njema akazirudisha mahali pake, na ile ya masizi akaisafisha kwa brashi ya waya na petroli. Tulikumbuka kusikia watu huziweka plagi katika makaa ya moto ili oili iungue, nasi tukalitaja jambo hilo. Alikunja uso. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, alisema, fedha za kigeni zilipokosekana baada ya vita ya Uganda na vipuri vikawa adimu kama dhahabu, yeye mwenyewe alizichoma plagi katika jiko la makaa, maana hapakuwa na nyingine. Nusu zilipasuka kauri. Safari moja alikaa siku nne njiani akingoja plagi moja kutoka Mbeya, na alilala juu ya mahindi ya watu akiyalinda.

Kupima mwanya hatukuwa na geji. Mzee aliomba kipande cha jino la msumeno wa chuma, ambacho unene wake hukaribia milimita 0.65, akakipitisha katika mwanya. Kikapita kwa kukwaruza kidogo sana, naye akaongeza unywele mmoja. Kijiti cha pembeni ndicho hupindwa. Msumari wa kati haupindwi kamwe, kwa kuwa kauri yake itapasuka. Mwenye kitabu cha gari lake na afuate kipimo cha kitabu.

Nasi tukaomba kufunga wenyewe. Hapo ndipo tulipoharibu. Mmoja wetu, na tusimtaje, alitia plagi ya sita kwa spana moja kwa moja, akaona inakaza upesi, akazidi kukaza. Ilikuwa imeingia upande. Mzee alisikia mlio wake kabla hatujauona, akasema, “Acha!” kwa sauti ambayo utingo wake wa zamani lazima waliijua. Tuliitoa, hesi za mwanzo zilikuwa zimelala. Saa ilikuwa inakaribia nne. Hakuna aliyesema neno, na mwenye kahawa akaenda kukaa juu ya jiwe.

Mzee aliichukua ile plagi ya nne ya zamani, akaomba tupa ya pembe tatu, akachimba mifereji mitatu katika hesi zake, tangu juu hata chini, ili pawe na ncha za kukata. Akaipaka grisi nyingi, ili vipande vya chuma vinase humo visianguke ndani. Akaianzisha kwa vidole, robo mzunguko mbele, nyuma kidogo, robo tena, akaitoa, akaifuta, akarudia. Alifanya hivyo kwa muda wa nusu saa. Akasafisha tundu kwa kitambaa, akatuagiza tuizungushe injini kwa hendeli plagi ikiwa nje, ili upepo wa pistoni utoe kilichobaki. Kisha akakata kipande cha mpira wa petroli, akakivika kichwani mwa plagi mpya, akaizungusha kwa mpira huo. Plagi ikiingia upande, mpira huteleza na haulazimishi. Haikuteleza. Ilipofika mwisho kwa vidole, alitumia spana robo mzunguko tu, kuibana washa mpya. Zile zenye washa zilizokwisha kubanwa zamani alizigusa kidogo kuliko hivyo.

Nyaya zikarudi kwa mafundo yake. Stata ikakanyagwa. Tulihesabu miguu yote sita, au tulidhani twahesabu. Mzee alikuwa amefumba macho, naye ndiye aliyehesabu kweli.

Tulifika Mlowo saa saba na nusu. Katika barabara kuu malori yalipita moja baada ya jingine kwenda Tunduma, ambako mara kwa mara hupanga foleni ndefu kungoja kuvuka kwenda Nakonde. Yote makubwa ni ya dizeli, na dizeli huwaka kwa kubanwa tu, bila cheche. Injini zao hazina plagi ya namna hii. Vijana wanaozitengeneza huzisoma siku hizi kwa chombo chenye kioo kinachotaja kosa kwa tarakimu. Plagi za petroli zimebaki katika motokaa ndogo, katika pikipiki zinazojaa Mbozi yote, na katika malori machache kuukuu kama lile.

Jioni tuliporudi tulikwenda kwa mzee kumshukuru, tukamchukulia sukari na majani ya chai. Alituuliza kama tumeandika. Tukasema tumeandika nini? Akasema tarehe ya plagi, ndani ya boneti, kwa chaki. Nyinyi walimu hamkosi chaki. Tukarudi na tochi tukaandika. Juu ya tarehe yetu, chini ya rangi iliyobanduka, palikuwa na tarehe nyingine saba za mikono mbalimbali, ya kwanza haisomeki, na ya pili ni ya 1974.